Njia ya Nyumbani Inywe Maji, Isiyatupe kwa Jirani



Siku hizi si ajabu tena kuona gari likiingia mpaka mlangoni pa nyumba ya kijijini. Leo ni pikipiki ya kijana wa nyumbani, kesho ni trekta la kukodi, kesho kutwa ni gari lililokuja kuchukua magunia ya mpunga, au kumpeleka mgonjwa hospitali. Ndiyo sababu watu wengi wataka kutengeneza vizuri njia ya kuingilia nyumbani na uwanja wa mbele, ili wakati wa mvua magurudumu yasizame, wala watoto wasiingie ndani na tope mpaka magotini.

Nia hiyo ni njema. Walakini wengi wakishauza pamba au mpunga na kupata fedha kidogo, hukimbilia jambo moja tu: kumwaga saruji uwanja mzima. Kweli sakafu yapendeza. Mama hufagia upesi, mahindi huanikwa juu yake, na wapita njia husifu. Lakini mvua za Novemba zikianza, ndipo laonekana jambo ambalo fundi hakulisema. Maji yaliyokuwa yakinywewa na ardhi sasa hayana pa kuingia, na maji hayakai hewani. Hapana budi yaende mahali. Je, yataenda wapi? Hilo ndilo swali la makala hii.

Madebe 75 mlangoni pako

Na tufanye hesabu kidogo, kama watoto wa shule. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni sawasawa na lita 1 ya maji. Sasa chukua njia yenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 3. Hiyo ni mita 30 za mraba. Ikinyesha mvua kubwa ya milimita 50, njia hiyo peke yake itapokea lita 1500. Kwa madebe ya lita 20, hayo ni madebe 75.

Fikiri mtu amesimama mlangoni pako akimwaga debe baada ya debe mpaka yatimie 75. Kama chini pana kokoto au majani, sehemu kubwa ya maji hayo itazama polepole. Kama pana saruji, karibu yote yatakimbia, tena yatakimbia kwa nguvu, kwa kuwa hapana kitu cha kuyapunguzia mwendo. Yatafuata mteremko mpaka ukutani, au chooni, au kisimani, au kwa jirani.

Kila moja la haya lina hasara yake. Nyumba zetu nyingi zimejengwa kwa tofali za udongo. Maji yakilala chini ya ukuta, tofali hulainika, msingi hudidimia, na ufa hutokea juu ya mlango. Shimo la choo likiingiwa na maji hujaa na kufurika, au kuta zake hubomoka; na uchafu wake waweza kufika kwenye maji ya kunywa. Na dimbwi likituama siku nyingi huwa malezi ya mbu. Hasara zote hizo zatokana na uwanja uliotengenezwa kwa fedha nyingi ili nyumba iwe nzuri!

Maji na ujirani

Kazi yangu ya ukarani hunikutanisha na watu wengi, na naweza kusema kwamba nimesikia mashauri ya maji mara nyingi kuliko mashauri ya ng'ombe. Habari zake zafanana. Mtu huweka saruji uwanjani pake na kuielekeza chini. Mvua ikinyesha, maji hupita kwa jirani na kuchimba korongo katikati ya matuta yake ya viazi. Jirani naye huinua boma la udongo ili kuyarudisha alikotoka mwenyewe. Wa kwanza hukasirika, wa pili hujibu. Mwishowe watu waliokuwa wakiombana chumvi na moto hawasalimiani tena, wafikishana kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Wala hapana mwovu hapo. Kila mmoja alitaka kulinda nyumba yake tu. Ila hapana aliyeuliza mapema maji yataenda wapi.

Hata nchi zenye fedha nyingi zimejifunza somo hili kwa taabu. Huko Uingereza watu wengi waliziba bustani za mbele ya nyumba zao kwa saruji na lami ili wapate mahali pa kuweka magari. Mwaka 2007, wakati wa kiangazi chao, mvua kubwa zilileta mafuriko sehemu nyingi. Uchunguzi ukaonyesha kwamba si mito tu iliyofurika. Nyumba nyingi ziliingiwa na maji ya mvua yaliyokosa pa kwenda. Basi, katika England, tangu Oktoba 1, 2008, mtu atakaye kuziba zaidi ya mita 5 za mraba za bustani yake ya mbele kwa kitu kisichopitisha maji, bila kuyaelekeza maji hayo kwenye udongo au majani yake mwenyewe, sharti aombe kibali. Lakini akitumia kokoto, au kitu kingine kinachopitisha maji, haombi. Sisi vijijini hatuna sheria ya namna hiyo, lakini akili yake yatufaa: maji ya uwanja wako yazame uwanjani pako.

Ujue udongo wako kwanza

Wengi huanza kwa kuuliza, «Niweke kitu gani juu?» Afadhali waanze kwa kuuliza, «Chini pana nini?» Kokoto nzuri juu ya udongo usiokunywa ni kama kikapu juu ya sinia: maji yatapita kwenye kikapu, lakini yatasimama juu ya sinia.

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya vitabu. Usukumani, udongo wa kichanga wa kwenye miinuko waitwa luseni. Ukishuka kidogo wakuta itogolo, ambao juu ni laini lakini chini una tabaka gumu lisilopitisha maji vizuri. Bondeni kabisa iko mbuga, udongo mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Tofauti hizo ziko katika nchi nyingine pia, ingawa majina ni mengine.

Ukitaka kuhakikisha, fanya jaribio hili. Chimba shimo lenye kina cha sentimita 30 mahali njia itakapopita. Lijaze maji, uyaache yazame yote, ili udongo ushibe kwanza. Kisha lijaze mara ya pili, usimamishe kijiti chenye alama, na ungoje saa moja. Pima maji yameshuka kiasi gani.

Kwa kawaida udongo wa mchanga hunywa zaidi ya milimita 30 kwa saa. Kichanga chenye udongo kidogo hunywa milimita 20 hadi 30. Tifutifu hunywa 10 hadi 20. Mfinyanzi hunywa milimita 1 hadi 5 tu. Usiyachukue majibu ya shimo kama mizani ya dukani, kwa maana shimo hunywa kwa mbavu zake pia, na hivyo huonyesha zaidi kidogo ya kweli. Lakini yatosha kukutambulisha uko upande gani. Na jambo moja la kujihadhari: mbuga iliyokauka hudanganya. Ukimwaga maji wakati wa kiangazi hupotea upesi katika nyufa, ukadhani ni udongo mwema. Mvua ikinyesha, nyufa hujifunga, na maji hayaendi tena popote.

Kama maji yameshuka zaidi ya milimita 10, waweza kuiachia ardhi kazi ya kuyanywa. Kama yameshuka chini ya 5, bado waweza kutumia kokoto, lakini sharti uwape maji mlango wa kutokea, kama nitakavyoeleza.

Tuchague kitu gani?

Moramu. Hii ni rahisi kupatikana na huvumilia magurudumu mazito. Lakini watu wasidanganyike: moramu ikishashindiliwa hunywa maji kidogo sana. Ni njia ya kumwaga maji, si ya kuyanywa. Mwenye kuitumia aiinue katikati, kama mgongo wa samaki. Kwa njia ya mita 3, katikati pawe juu ya kando kwa sentimita 6 hivi, na kila upande pawe na mfereji unaofika mahali penye majani.

Kokoto zilizopasuliwa. Hizi ndizo ningezishauri kwa nyumba nyingi. Kokoto yenye pembe hushikana na mwenzake. Gurudumu likipita huzidi kuzikaza. Hiyo si habari mpya. Mskoti aitwaye John Loudon McAdam, aliyezaliwa mwaka 1756, alipata sifa kwa kutengeneza barabara za mawe madogo yaliyovunjwa, hasa baada ya kupewa mwaka 1816 kusimamia barabara za Bristol. Alifundisha kwamba udongo wa chini ndio hasa ubebao mzigo, na kwamba udongo huo ukilowa huishiwa nguvu. Ndiyo sababu barabara zake ziliyamwaga maji pembeni. Sisi tutakao maji yazame tusilisahau fundisho lake: udongo wa chini utalowa, basi tabaka la mawe liwe nene, ili uzito wa gurudumu utawanyike kabla ya kuufikia.

Kokoto za mtoni. Ni nzuri kwa macho na hupitisha maji vizuri, lakini ni za mviringo. Chini ya gurudumu huteleza kama punje za maharage. Ziwekwe mahali pa kupita watu, au chini ya michirizi ya bati, si pa kupita gari.

Matofali ya saruji ya kupanga chini, ambayo mafundi huyaita pevingi. Haya hudumu na hufagilika. Lakini yakipangwa yakabanana, juu ya mchanga laini, karibu maji yote hukimbia kama juu ya sakafu. Ili yanywe maji, yaachiwe nafasi ya milimita 6 hadi 10 kati ya tofali na tofali, nafasi hizo zijazwe vikokoto vidogo, si mchanga, na chini yake liwe tabaka la mawe. Mwambie fundi kabla hajaanza. Akishamaliza, kurekebisha ni kuvunja.

Zege lisilo na mchanga. Hili lina matundu mengi na hupitisha maji, lakini lataka fundi alijuaye, na likizibwa na vumbi si rahisi kulizibua. Kijijini silishauri.

Majani. Kama gari laja mara moja kwa mwezi, ukoka watosha. Hunywa maji, hushika udongo, na hauna gharama. Lakini gari lisikanyage wakati ardhi imelowa sana, wala usiupande chini ya mwembe penye kivuli kizito.

Tena iko njia ya akili kwa mwenye fedha kidogo: kutengeneza mistari miwili tu ya magurudumu, kila mmoja wa sentimita 60, na katikati kuacha ukoka. Kwa urefu wa mita 10, mistari hiyo ni mita 12 za mraba badala ya 30. Fedha zinazobaki zitanunua daftari za watoto. Pima kwanza nafasi ya magurudumu ya gari lenyewe, usikisie.

Jaribio la debe

Mtu aweza kuuliza, «Kokoto zaweza kweli kubeba madebe 75?» Ajaribu mwenyewe. Achukue debe la lita 20, alijaze kokoto safi zenye ukubwa unaolingana. Kisha amimine maji kwa kikombe alichokipima, huku akihesabu, mpaka yafike juu. Ataona debe lililojaa mawe bado lapokea lita 6 au hata 8, yaani theluthi moja hivi. Maji hayo yameingia katika nafasi zilizo kati ya jiwe na jiwe.

Basi, njia yetu ya mita 30 za mraba, ikiwa na mawe ya kina cha sentimita 20, ina mita 6 za ujazo za mawe. Theluthi yake ni mita 2 za ujazo, yaani lita 2000. Mvua yetu ilikuwa lita 1500. Yatosha yote, hata kama ardhi haijaanza kunywa, mradi uwanja uwe karibu tambarare.

Sasa arudie jaribio kwa kokoto zenye vumbi na mchanga. Ataona debe lapokea maji machache zaidi, kwa kuwa vumbi limekwisha kukaa mahali pa maji. Kwa hiyo unaponunua kokoto, usitazame bei tu. Rahisi huvunja upishi. Chagua zilizochekechwa.

Namna ya kujenga

Kazi hii ifanyike wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, ardhi ikiwa kavu.

Kwanza, piga mambo na kamba, uone mteremko. Mafundi hutumia bomba la plastiki linaloonyesha ndani, lililojazwa maji. Vijana wawili waweza kulishika. Uwanja uteremke kutoka ukutani, walau sentimita 2 kwa kila mita. Kama nyumba ni ya tofali za udongo, kando ya ukuta pasiwe kokoto za kunywa maji. Pawe na kibaraza kigumu cha kuyatupa mbali.

Pili, chimba kina cha sentimita 25. Usiushindilie sana udongo wa chini, maana ukiufanya mgumu utaukataza kunywa.

Tatu, tandika kitambaa cha kuchuja kisichooza, kile wanachokitumia wajenzi wa barabara. Kazi yake ni kuzuia udongo usipande na mawe yasizame. Magunia ya katani huoza upesi, hayafai. Asiyepata kitambaa aweke tabaka jembamba la mchanga mnene wa mtoni.

Nne, weka mawe ya ukubwa wa sentimita 2 hadi 4, kwa matabaka mawili ya sentimita 10, ukishindilia kila moja. Juu yake weka sentimita 5 za kokoto ndogo zaidi. Kwa mita 30 za mraba utahitaji mita 6 za ujazo za mawe ya chini, na 1.5 za kokoto za juu.

Tano, panga mawe makubwa kandokando na kuyafukia nusu, la sivyo kokoto zitatawanyika mpaka shambani. Kama njia yateremka zaidi ya sentimita 5 kwa mita, weka pia safu za mawe makubwa za kukingama, ili mvua isizisukume kokoto chini, na maji yasikimbilie yote upande wa bondeni.

Walio juu ya mbuga au itogolo waongeze jambo moja. Upande wa chini wa njia wachimbe mfereji, waujaze mawe, au waweke bomba lenye matundu, ili maji yatoke polepole kwenda kwenye migomba au bustani. Mwisho wa mfereji huo uwe mita 5 au zaidi kutoka ukutani, usiwe karibu na choo wala kisima, wala usiwe mpakani pa jirani. Kama hapana namna ila kupita kwake, nenda ukaseme naye kabla ya kuchimba. Maneno ya kabla ya kuchimba huwa machache kuliko ya baada yake.

Utunzaji

Adui wa njia hii ni udongo. Ukiachwa uingie, utajaza nafasi zote, na baada ya miaka michache utakuwa na njia ya kawaida iliyokugharimu fedha. Kama upande wa juu pana mteremko mtupu, panda ukoka au majani mengine yashike udongo. Majani makavu yafagiwe, magugu yang'olewe yangali machanga, na mahali palipobonyea paongezwe kokoto. Usimwage oili ya pikipiki juu ya kokoto. Inywayo maji hunywa na oili, na haichagui. Wala msirundike mchanga wa kujengea juu ya njia, hata kwa siku mbili.

Mwenye sakafu ya saruji tayari asivunjike moyo. Si lazima aivunje. Akate mfereji mwisho wake, aujaze mawe, na kuupeleka kwenye shimo la kunywea maji lililo mbali na ukuta, au kwenye migomba.

Maswali matatu

Mwisho, ndugu msomaji, kabla hujampa fundi hata shilingi moja, keti na watu wa nyumbani mwako mjibu maswali matatu. Udongo wetu wanywa kiasi gani? Gari laja mara ngapi, na zito kiasi gani? Na maji yanayozidi, yataenda wapi? Mkiwa na majibu ya mawili ya kwanza, mtajua la kununua. Mkiwa na jibu la tatu, nyumba yenu itasimama, na ya jirani itasimama pia.